Lita Mia za Kumpita Mzee Mapipa

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi jana jioni. Mgongo mzima, masikio mabovu.

Kilomita 480 kwenda, 480 kurudi, na huko katikati ya mawe na vichaka — Mzee Mapipa. (Humu ndani tu ni Mzee Mapipa. Mdomoni mwangu ni Baba, shikamoo Baba, kichwa chini.) Nani mwingine duniani anakwenda kazini na kukuta baba mkwe wake ndiye muuza mafuta pekee njia nzima? Mapipa chini ya bati, mpira mmoja, viti viwili. Kiti cha pili ni changu. Hajazi mpaka nikae. Nikae, ninywe chai, nisikilize.

Safari hii alikuwa na wageni, wapima ardhi wawili waliopotea njia. Akaninyooshea kidole kama mbuzi wa mnadani. Huyu ndiye mkwe wangu! Nilimkuta anatembea kwa miguu. Nikampa binti, nikampa na gari. Wapima ardhi wakatikisa vichwa. Mmoja akaniambia nina bahati.

Gari! Alinipa bodi. Bodi tupu la pikapu — halina injini, halina gia, halina mlango wa kushoto — na ndani yake kuku kumi na mmoja. Walikuwa wanatagia kiti cha dereva. Nilipokwenda kulichukua niliwatoa mmoja mmoja, na wa mwisho akanidonoa mpaka damu. Injini nilitafuta mimi. Nyaya nilitandaza mimi. Mlango niliuchonga kutoka mlango wa gari jingine. Leo friji zote za chanjo kwenye zahanati za njia ile zinapumua kwa mikono hii. Miaka tisa! Na bado mimi ni mtu wa kupewa gari.

Dizeli yake nailipia. Halafu nailipia tena kwa masikio.

Leo nimekaa na kalamu. Tangi langu lita 70. Lami kilomita 200, lita 24. Vumbi kilomita 280, lita 45. Jumla 69 — nafika zahanati ya mwisho na harufu tu ya dizeli. Ndiyo maana nasimama kwake: lita 50 nikienda, 40 nikirudi. Kwenda na kurudi nahitaji 138. Nikiongeza tangi la lita 100 nyuma ya kebini ya dereva, nina 170. Naondoka nyumbani, narudi nyumbani, akiba 32, na simjui mtu.

Lita mia. Uhuru una kipimo, kumbe.

Alhamisi, 6 Machi

Kwa Cheche, fundi wa kuchomelea. Karakana yake ina vyuma vingi kuliko nafasi. Mteja anasimama nje na kupaza sauti.

Nimemchorea: bati la milimita tatu, kuta mbili za ndani ili mafuta yasicheze kwenye mashimo, bomba la kupumulia lililopinda juu, mpira wenye bilula wa kushusha dizeli kwenye tangi la chini. Chini ya miguu, raba. Boliti zipite mpaka kwenye chesisi, uti wa mgongo wa gari, si kwenye bati la kichanja cha mizigo. Kifuniko chenye kufuli.

Cheche akaigeuza karatasi mara mbili. Akauliza kwani huko ninakokwenda hakuna binadamu.

Nikasema yupo mmoja.

Akacheka mpaka akavua miwani ya kuchomelea. Bosi, basi tuweke lita mia tatu, umpite hata akihama!

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu ameuona mchoro. Niliuacha mezani kama mjinga.

Hakuuliza ni wa nini. Aliuliza uzito. Nikaingia mtegoni kwa furaha, maana hesabu ninaipenda: dizeli lita mia ni kilo 84, tangi lenyewe 36, jumla kilo 120.

Akaguna. Baba ana kilo tisini, akasema. Ukimbebesha kiti chake na redio yake, mia na ishirini. Kwa hiyo, baba watoto, ili usimwone mzee kwa nusu saa utambeba mgongoni njia nzima?

Nikamwambia hili ni suala la kiufundi. Usalama. Magari yote ya safari za mbali yanafanya hivyo.

Eeh, akasema. Usalama. Akaenda kuanua nguo, na mabega yake yanacheka.

Watu wa ukoo ule wote wana ulimi. Sijui kwa nini nilidhani nimeoa aliyesahauliwa.

Jumanne, 11 Machi

Cheche! Ameunga tangi, zuri, kona safi, amelipaka hadi rangi. Nikaligonga. Linalia kama ngoma. Kuta za ndani ziko wapi?

Akatazama juu. Akatazama chini. Akasema kuta aliziona kwenye mchoro lakini akadhani ni mistari ya mapambo.

Mapambo! Ndani ya tangi! Nani ataingia kuyaona?

Nimemweleza polepole: kilo 84 za dizeli zikikimbilia upande mmoja kwenye kona ya vumbi, gari linalala ubavu. Akakuna kichwa. Analikata upya kesho. Rangi yote imepotea bure, na anayeihuzunikia ni yeye peke yake.

Jumatano, 12 Machi

Kuta zimeingia. Tumejaza maji kupima. Linavuja tone moja, kona ya kulia. Amerudia. Halivuji tena.

Ijumaa, 14 Machi

Maji tumeyamwaga, na tangi nimeliacha juani siku mbili, mdomo chini. Cheche anaona napoteza muda. Maji kidogo hayaui injini, anasema. Hajawahi kulala njiani huyu. Na mimi ndiye ninayelalamika kila safari kwamba dizeli ya Mzee Mapipa imekaa sana, ina machicha chini ya pipa. Nikianza kujitilia maji mwenyewe nitamtazama wapi?

Jioni tumelifunga. Boliti sita. Nimelitikisa kwa mikono yote miwili, likatikisika gari, tangi limetulia. Kifuniko kina kufuli na ufunguo mmoja tu. Huo uko shingoni mwangu kama hirizi.

Mke wangu alikuja kulitazama. Akazunguka pande zote. Zuri, akasema. Nikasubiri lililobaki. Hakusema. Ndipo nikaogopa.

Jumatatu, 17 Machi

NIMEPITA!

Saa nne asubuhi, kilomita ya 350. Nilimwona kutoka mbali, amekaa chini ya bati lake, viti viwili vimetazama barabara. Nikakaza usukani. Nikapiga honi mara mbili — heshima imetimia, hakuna atakayesema mkwe hakuamkia — nikainua mkono, nikaenda. Kwenye kioo nilimwona anasimama. Kisha vumbi langu likammeza.

Nilicheka peke yangu kilomita kumi nzima. Nikaimba. Nyimbo sizijui maneno, nikaimba vivyo hivyo.

Kilomita ya 400 nilisimama, nikafungua bilula. Dizeli inashuka yenyewe, taratibu, bila chai, bila hadithi, bila wapima ardhi. Hakuna anayemwambia mtu chochote kuhusu mimi. Ni mimi na lita zangu.

Nimefika zahanati ya mwisho kabla ya jua kali kupoa. Haijawahi kutokea.

Jumanne, 18 Machi

Friji iliyonitoa nyumbani kabla ya zamu ya mwezi ilikuwa na kosa la aibu: panya katafuna waya. Nimebadilisha, nimeziba tundu, kufika saa sita baridi imerudi. Muuguzi amezirudisha chanjo zake ndani moja moja kama mayai.

Mke wangu kapiga simu. Baba yake kamtafuta tangu jana. Hakukasirika! Ningependa angekasirika. Anauliza breki zangu zina nini. Anasema aliona gari linakuja kwa kasi, linapiga honi ya kuomba msaada, nami nimenyoosha mkono dirishani — gari limeshindwa kusimama! Ameshinda barabarani jana mchana kutwa akisimamisha kila anayetoka huku, kuuliza kama kuna pikapu imepinduka.

Nikasema, umemwambia nini?

Nimemwambia breki ni nzima, akasema. Nimemwambia una haraka. Akasema, haraka gani hiyo ya kushinda chai? Baba watoto, hilo jibu utampa wewe. Mimi sina.

Akakata.

Sawa. Nitampigia. Kesho.

Mchana nilikaa kivulini na dereva wa lori linaloleta unga na sabuni. Mcheshi, kifua kama pipa, anajua njia yote. Aliliona tangi langu akalipigapiga. Nikamuuliza, kama mtu asiye na habari, mafuta ya yule mzee wa kilomita ya 350 siku hizi yakoje.

Yule? Hauzi tena yule! Malori yote sasa yana matangi mawili, nani atasimama pale? Amebaki na pipa moja. Mimi ndiye ninayemshushia, moja kila miezi miwili. Na usithubutu kuliomba! Mwezi uliopita nilikwama palepale nikamwomba lita kumi tu, akakataa katakata. Eti ni la mkwe wake. Mkwe wake anapita, lazima akute mafuta.

Halafu akacheka, akajipiga paja. Mkwe gani huyo? Nimepita pale miaka mitatu, sijamwona hata siku moja. Mimi nadhani hayupo. Mzee kamtunga.

Nilifunga mdomo kama kifuniko chenye kufuli.

Ni ujanja, nilijiambia. Mzee anataka niendelee kukaa kwenye kile kiti. Basi nikatoa kalamu, maana hesabu haina ukoo. Nasafiri mara moja kwa mwezi. Nachukua 50 na 40, ni 90. Miezi miwili, 180. Pipa ni lita 200. Ishirini za chini zina machicha, haziuziki.

Pipa moja. Miezi miwili.

Nimeirudia mara tatu. Hesabu imekubali. Mimi bado.

Na lile lalamiko langu kwamba dizeli yake imekaa sana pipani? Imekaa inamngoja nani?

Jumatano, 19 Machi

Niko kwenye gari, kwa Mzee Mapipa. Naandika haraka, kalamu inaruka.

Asubuhi nilitoka na nia mbili. Ya kwanza, kupita. Sababu zipo: nina lita 80, nyumbani nahitaji 48 tu. Ya pili sikuiandika. Kilomita ya 350 mguu ulienda wenyewe kwenye breki. Labda kweli zina shida.

Alikuwa amesimama katikati ya barabara! Amevaa kanzu safi. Akazunguka gari, akainama chini ya kila tairi, akasukuma kwa kiatu. Shikamoo, Baba. Marahaba, mkwe, zimepona? Nikasema zimepona, Baba. Akasema, nilijua utazitengeneza, mikono yako mizuri.

Mikono yangu mizuri. Miaka tisa sijawahi kulisikia hilo. Lakini alilisema tukiwa wawili tu, bila mgeni hata mmoja wa kusikia! Ndivyo alivyo.

Nikakaa kwenye kiti changu. Chai. Jicho langu likaenda chini ya bati. Mapipa saba, na sita nimeyagonga kwa kisigino nikijifanya nanyoosha mguu. Sita yanalia kama tangi la Cheche kabla ya kuta. La saba limenyamaza.

Ndipo lori la unga likatokea likirudi, na yule dereva kifua-pipa akasimama kuomba maji ya rejeta. Akaniona kitini. Akaniangalia. Akamwangalia mzee. Mdomo wake ukafunguka polepole.

Na Mzee Mapipa — akaamka! Akapata mgeni, akapata uhai. Huyu ndiye mkwe wangu niliyekwambia! Nilimkuta anatembea kwa miguu. Nikampa binti, nikampa gari. Na unaliona hili tangi jipya hapa nyuma? Lita mia! Nani alimwambia? Mimi! Nilimwambia, mkwe, njia ni ndefu na mimi ni mzee, siku moja utakuja usinikute, weka tangi. Akaliweka. Msikivu sana huyu.

Hakuwahi kuniambia! Hata siku moja! Alikuwa hajaliona tangi hili mpaka leo asubuhi!

Dereva ananitazama mimi. Anasubiri niseme. Ningeweza kusema yote kwa sentensi mbili: kuku kumi na mmoja, na kwa nini tangi lipo. Sentensi mbili fupi. Nimezibeba kilomita nyingi.

Mzee ameshaufungua mpira. Ameuweka kwenye lile pipa la saba, ameuvuta kwa mdomo wake mwenyewe, umri ule, dizeli imemfika midomoni, akatema, akafuta kwa kanzu safi. Akauziba mpira kwa kidole gumba. Akauliza:

"Mkwe, tuanze na lipi? Lile nililokupa zamani au hili nililokupa juzi?"

Nikasema ngoja, Baba, nitafute ufunguo wa kifuniko.

Nimekuja kuutafuta. Hii ni dakika ya tano naandika. Nafasi ipo, lita tisini kamili, hata hilo nimelipigia hesabu. Ufunguo uko shingoni. Mzee bado amesimama kule na kidole kwenye mpira, dizeli inamtiririka kiwikoni, hataki imwagike.

Anaita. Umeupata, mkwe?

Dereva ameegemea mlango wangu, anauangalia ufunguo kifuani.