Jicho la Pili

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo pia kwa mama, ambaye najua amesimama nyuma ya kiti chako anachungulia. Mimi na wajukuu wako wawili hatujambo. Mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa kila akiongea anapiga mluzi. Goti lako sijui linaendeleaje, maana ukiulizwa unasema salama huku unachechemea. Natumaini limepoa.

Nakuandikia kwa sababu simu unanikatia. Nikitaja tu msaada, mtandao unakuwa mbaya ghafla. Lakini mtu aliyepanga barua za watu posta miaka thelathini na minne hawezi kuichana barua kabla hajaimaliza. Hapo nimekushika, baba.

Nianze na godoro. Lile lenu la zamani lilikuwa limekwisha, mnalala juu ya mbao, na mama akiamka anajinyoosha mgongo ukutani. Nikanunua jipya, nikalituma kwa pikapu ya kazini. Ulimkaribisha dereva, ukampa chai, ukamshukuru, kisha ukampakizia godoro langu na nailoni yake alirudishe. Jiko la gesi ukamgawia jirani siku hiyohiyo. Bahasha ya pesa niliyomwachia mama niliikuta kwangu, imechomekwa kati ya madaftari ya mtoto. Na maneno yalikuwa yaleyale kila mara: kwamba mimi ni mwanamke niliyeachika, nina watoto wa kulea, nashinda chini ya masinki ya watu nikihangaika na mabomba, na wewe hujafikia hali ya kula jasho la binti yako.

Baba, maneno hayo yameniuma sana. Nakuheshimu, lakini siyakubali. Mimi si wa kuhurumiwa. Nina spana zangu, nina mafundi wawili chini yangu, na wateja wananingoja foleni. Wanangu wanakula wanashiba na kusaza. Jasho langu halinuki kuliko la kaka.

La kaka ulilipokea bila kinyongo. Jicho la kulia lilipofanyiwa upasuaji, mtoto wa jicho akatolewa, uliita ndugu wote chakula cha mchana. Ulisimama, ukasema kwamba aliyezaa mwana kama huyu amestaafu kwa amani. Wajomba wakapiga makofi. Kaka akatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni na sinia la vikombe, nikashangilia kwa mdomo tu kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Halafu ukanigeukia, ukaniambia kwa upole kabisa kwamba nijifunze kwa kaka yangu jinsi ya kupanga maisha. Nikaitikia ndiyo, baba. Nikarudi jikoni nikaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa visafi.

Sasa kaa vizuri. Kaka hakulipa. Duka lake lilifungwa mwaka jana na amekuficha kwa aibu. Jicho lile nimelilipia mimi, kwa kazi ya mabomba ya hoteli ya ghorofa nne, miezi mitatu nikipiga magoti kwenye saruji. Na mimi ndiye niliyemsihi kaka atumie jina lake, kwa sababu nilijua langu ungelirudisha na pikapu. Mama alijua tangu mwanzo. Usimgombeze, alinyamaza ili upone. Kaka naye usimseme. Alikuja kwangu akalia kama mtoto, akasema hawezi tena kupokea shukrani ambazo si zake.

Nilikudanganya, nakiri. Ila msamaha siombi. Kama ningesubiri ruhusa yako, leo ungekuwa unapapasa kuta kwa heshima zako zote.

Alhamisi ni zamu ya jicho la kushoto. Kaka hatakuja kukupeleka. Nitakuja mimi, na ovaroli yangu, na kwenye fomu ya hospitali, pale wanapouliza nani anayelipa, nitaandika jina langu kwa herufi kubwa. Nimechoka kupita mgongoni kwa mtu ndipo nimfikie baba yangu. Ukitaka kukataa, kataa, ni jicho lako. Lakini usikatae kwa simu, wala usimtume mama. Nisubiri nifike, nisimame mbele yako, unitazame vizuri kwa hilo la kulia, ndipo uniambie kwamba mkono wangu haufai.

Wajukuu wanakusalimu, na huyo wa mluzi anasema ana wimbo wa kukupigia. Mama naye mwambie aache kulia, barua itaharibika. Nitafika saa mbili asubuhi. Uwe umeshavaa.

Ni mimi binti yako,
Fundi bomba