Mkono wa Baba Jukwaani

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa nimebakiwa na wiki tano na siku mbili, nisaidie kufikiri, maana mimi nimefikiri mpaka nimechoka na bado naona njia tatu tu, na katika kila njia namkuta mama yangu amesimama.

Mimi ni mwigizaji wa jukwaani na wa filamu, mwaka huu natimiza miaka ishirini na tano katika kazi hii, na mtaani kwetu wananiita Marehemu, nami naitika, kwa sababu jina hilo nimelitolea jasho. Kazi yangu ni kufa. Nisikufiche, najivunia: nina shajara ninayoiandika kila siku tangu kidato cha pili, na kwa hesabu ya humo nimekufa mara mia tatu na kumi na mbili, kwa risasi, kwa sumu, kwa homa, kwa kuanguka ngazini, mara mbili kwa kicheko, na hakuna mtazamaji aliyewahi kuona kifua changu kikipanda, kwa sababu napumua kwa tumbo, polepole, na macho nayakaza kwenye msumari mmoja juu ya taa. Mwongozaji wetu huwaambia waigizaji wapya, "Kuishi nitawafundisha mimi. Kufa, muulizeni Marehemu."

Sasa nieleze kosa langu, na nitalieleza kwa mpangilio.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, na mkasi ulikuwa umempinda kidole gumba cha mkono wa kulia hata akishika kikombe unaona kama anakikata. Siku alipofariki hospitalini tulikuwa wawili tu kando ya kitanda, mama upande wa kushoto, mimi kulia. Ilikuwa tarehe 9 Agosti 1997, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na jioni yake niliandika hivi, nanukuu: "Baba ametutoka saa tisa na dakika kumi alasiri. Mkono wa kulia umeteleza ukingoni mwa kitanda. Kidole gumba na cha kati vimeachana polepole, kama mtu anayeweka mkasi mezani baada ya kazi." Basi. Sikuandika kwamba nililia, ingawa nililia. Niliandika mkono.

Tarehe 21 Februari 1998 nilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza, nikiwa askari anayekufa sehemu ya pili, na kwenye mazoezi yote mwongozaji alikuwa akinipigia kelele, "Wewe, unakufa au unashushwa kwenye lori?" lakini siku ya onyesho, bila kupanga, mkono wangu wa kulia ukateleza, vidole vikaachana, na ukumbi mzima ukanyamaza, hata mtu mmoja aliyekuwa akibangua karanga safu ya mbele akaacha. Tangu siku ile mkono huo ndio umenipa kazi. Watu hawajui wanachokiona, ila hawakisahau.

Mama hakuwa akija ukumbini, goti lake na ngazi zetu havipatani. Lakini tarehe 3 Mei 2009 filamu yangu ilionyeshwa kwenye televisheni, akaitazama na dada yangu mkubwa, na nilipokufa akapiga ukelele uliowaleta majirani mbio, mikono kichwani, wakiuliza nani katutoka. Dada akawaonyesha televisheni. "Ni huyu hapa, lakini yuko kazini, jioni atarudi kula." Wote wakacheka isipokuwa mama. Nilipofika, majirani wakiwa bado sebuleni, aliniita jikoni, akafunga mlango.

"Nilijua ni mchezo," akasema. "Mimi si mtoto. Lakini ule mkono ni wa baba yako."

Akanishika mkono wa kulia.

"Uliuchukua pale kitandani?"

"Ndiyo, mama."

"Usiniletee tena."

Nikamwahidi. Kwenye filamu ahadi nimeitunza: nakufa nimefunikwa shuka, nakufa mikono ikiwa mfukoni, mara moja nilikufa nyuma ya mlango. Lakini jukwaani, kwa kuwa mama haji, niliendelea, na kwa mujibu wa shajara nimeuangusha mkono ule mara mia moja arobaini na sita tangu nilipomwahidi. Na kinachoniumiza zaidi ni kwamba mama anajivuna kwa ajili yangu. Dada ananiambia kwamba kwenye foleni ya zahanati mama huwaambia watu, "Mwanangu hakuna anayemshinda kufa nchi hii," halafu anaongeza, "na mkono wa baba yake ameuacha, nilimkanya mara moja tu, akasikia."

Sasa kikundi chetu kinaandaa onyesho la kuniheshimu kwa miaka yangu ishirini na tano, tarehe 24 mwezi ujao. Naigiza jaji mstaafu, ndiyo nafasi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa, na mwishoni nafia kitini, mkono unateleza, taa zinazimwa. Mama amealikwa. Wamejenga njia ya mbao isiyo na ngazi kwa ajili ya goti lake, gauni limeshashonwa, na mtaa mzima umeshaambiwa.

Dada anasema, "Mwambie ukumbi umejaa."

"Dada, kiti chake kimeandikwa jina lake."

"Basi mwambie limeahirishwa, aje wiki inayofuata."

"Wiki inayofuata nakufa vilevile!"

Nilipomgusia mwongozaji kwamba labda tuuache mkono, akanijibu, "Ukiuondoa unaniachia mzee amesinzia kitini. Watu watakaa kumsubiri aamke."

Kwa hiyo ama nivunje ahadi mbele ya macho ya mama, ama niiharibu kazi yangu siku ninayoheshimiwa, ama nimfungie mlango mtu ninayetaka anione kuliko wote. Nishauri, tafadhali.

Ni mimi, Marehemu

*

Ndugu Marehemu,

Pokea hongera zangu kwanza, kwa sababu mimi ni mmoja wa wale walionyamaza. Nilikuona zamani ukiigiza mwalimu mgonjwa, nikiwa safu ya sita, na nilipotoka ukumbini nilimpigia simu baba yangu niliyekuwa nimemnunia miezi minne. Sikujua kilichonisukuma. Leo umenieleza.

Hongera zimeishia hapo. Mtu anayejua amekufa mara ngapi, na kwa ugonjwa gani, hawezi kuniambia kwamba mambo yalimponyoka. Umemdanganya mama yako mara mia moja arobaini na sita, na kila mara ukaiandika tarehe. Yeye anakutetea kwenye foleni ya zahanati huku wewe unahesabu. Aibu hiyo uibebe mwenyewe, usimpe mwongozaji wala dada.

Sikuhukumu kwa kuuchukua mkono. Fundi alishona miaka arobaini na waliomjua ni wateja wake tu, na mkono wake umenyamazisha kumbi. Hilo si kumvunjia heshima. Kosa lako ni jingine. Kando ya kitanda kile mlikuwa wawili, wewe kulia, mama kushoto. Kile mlichokiona ni chenu nyote wawili, nawe umekitumia miaka yote kama chako peke yako. Neno "usiniletee tena" alilisema siku aliyoshtukizwa, majirani wakiwa bado wamejaa sebuleni. Umewahi kurudi kumuuliza? Hukumuuliza kwa sababu uliogopa jibu, halafu uoga huo ukauita ahadi.

Kwa hiyo usiniulize mimi. Wiki hii, mchana, nenda jikoni kwake, palepale ulipoahidi. Chukua shajara. Msomee ukurasa wa tarehe 9 Agosti wote, kisha mwambie kwamba ulilia na hukuandika. Halafu mtajie idadi yako. Atakasirika, na ana haki. Kaa. Usimweleze habari za sanaa. Mwache amalize, hata kama kumaliza kutachukua siku mbili.

Akishatulia, mpeleke kwenye mazoezi, aipite njia yake ya mbao kabla ya wageni. Taa ziwe zinawaka, wewe uwe na shati lako la nyumbani. Ufe mbele yake, kisha uinuke, ujikung'ute suruali, uulize kama chai ipo. Rudia. Huenda akakwambia vidole vinaachana haraka mno. Yeye alikuwepo, akikusahihisha, sahihisha. Hapo ndipo umwombe ruhusa.

Akikataa, amekataa. Jaji atakufa mikono ikiwa mapajani, na mwongozaji atafute mwisho mwingine, ndiyo kazi yake. Mtu aliyeweza kufa nyuma ya mlango hashindwi kufia kitini. Lakini mama awe kwenye kiti chenye jina lake. Na dada yako mwambie aache kutunga, familia moja mwigizaji mmoja anatosha.

Akikubali, uangushe mkono kama ulivyouangusha siku zote. Usiupunguze kwa kumhurumia, usipepese jicho, atajua. Pazia likifunguliwa tena, usikimbilie kuinama. Shuka kwa njia ile ya mbao, mpe mkono huohuo wa kulia, umsimamishe ukumbi umwone. Watu watadhani wanampigia makofi mama wa mwigizaji. Ninyi wawili mtajua kwamba fundi naye kapigiwa.

Kisha rudi nyumbani uandike tarehe 24. Na safari hii, ukilia, andika kwamba ulilia.