Mama na Vifuniko Vitatu vya Soda

Jumapili. Mvua imepita Kombewa lakini joto limebaki.

Tangu apigwe na kiharusi, Mama hajatamka neno. Kaka yangu mkubwa, Shadrack, alikuwa ameshaamua: akili imekwisha, leo jioni anamhamishia kwake Nakuru. Aliyasema mbele ya Mama, kana kwamba anazungumzia kabati. Mimi nilipewa taarifa tu. Karakana ya kuchomelea vyuma nimeijenga Kisumu kwa mikono hii, lakini mambo ya nyumbani yakija, mimi bado ni katoto.

Kwa hasira nikachukua katoni na kaa la moto lililozimika, nikachora shisima, mchezo aliotufundisha Mama tukiwa bado tunaishi Tiriki.

Unachora duara lenye vituo vinane, na kimoja katikati. Hicho cha katikati ndicho shisima, yaani maji. Mistari inatoka majini kwenda kila kituo. Kila mtu anapanga kete tatu zikifuatana pembeni, mnatazamana. Unasogeza moja, hatua moja, hadi palipo wazi. Kuruka hakuna. Atakayenyoosha zake tatu kwenye mstari mmoja ameshinda. Piga hesabu: vituo tisa, kete sita, nafasi tatu tu. Mistari ya ushindi ni minne, na yote inapita majini.

Mama nilimpa vifuniko vya soda, mimi nikachukua mawe.

Kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, akasukuma kifuniko hadi majini. Nikasogeza jiwe kando. Akatelezesha kifuniko kingine pembeni. Shadrack akacheka kwa pua. "Wewe dada, huyo anachezea tu kama mtoto wa nasari."

Hata mimi nilidhani hivyo. Nikarudisha jiwe langu nilikolitoa.

Mama akaingia pale pale nilipopaacha wazi. Vifuniko vitatu, mstari mmoja.

Shadrack akasema ni bahati. Basi raundi ya pili nikaiba makusudi: nikarusha jiwe juu ya kifuniko chake, nikatazama ukutani.

Kidole cha Mama kikaligandamiza jiwe. Akalirudisha polepole pale lilipotoka, kisha akaniangalia kwa lile jicho la zamani, la kutukuta tumelamba sukari.



Shadrack aliweka ufunguo wa gari mezani. Akachuchumaa mbele ya kiti, na kwa mara ya kwanza tangu augue, akamuuliza yeye mwenyewe. "Mama, unataka kwenda Nakuru?"

Akatikisa kichwa. Hapana. Halafu akaanza kupanga vifuniko upya.

Gari limeondoka jioni hii bila yeye. Nami nimekaa namtazama akisinzia, nastaajabu: muda wote tukimwamulia, alikuwa humo ndani, macho, anangoja zamu yake.

Kesho, kabla sijatia sukari kwenye chai yake, nitamuuliza. Kisha nitanyamaza hadi mkono ule usogee.