Mlio Mmoja, Kisha Kata

Annemasse, 4 Machi

Baba,

Shikamoo, na Mama pia. Mimi mzima. Goti lako je, na kifua cha Mama?

Nina jambo dogo. Ile namba ya mtandao mnayonipigia inaita kwa pamoja kwenye kompyuta ya chumbani na kwenye simu yangu ya mkononi. Kwenye kompyuta napokea bure. Lakini kutwa niko kazini Geneva, ng'ambo ya mpaka, na kule nikipokea kwa simu natozwa kila dakika. Mwezi huu nimeumia. Naomba mpige jioni. Mchana, Mama akinikumbuka tu, abipu. Kukiwa na shida, aache iite, nitapokea.

Mwanao,
Lotfi

Gafsa, 21 Machi

Kwa mwanangu Lotfi,

Baada ya salamu na kukujulia hali, ninayo heshima kukuarifu kuwa tu wazima, isipokuwa kifua cha mama yako humbana apandapo ngazi.

Umekosea mahali pamoja. Nimewaandikia watu maombi langoni mwa mahakama miaka thelathini na mmoja, hivyo niruhusu nikusahihishe. Ada hulipwa ombi linapowasilishwa, hakimu alisome asilisome. Simu haiwezi kuwa tofauti: ikiita, umetozwa. Kwa hiyo nimemwagiza mama yako: mlio mmoja, kisha akate, iwe heri au shari.

Naye amejibu, nami nanukuu: "Mwambie mwanao nilimbeba miezi tisa sikumtoza hata dinari! Haya, mmoja. Wabahili wakubwa nyie!"

Hata hivyo anatii. Kitufe cha kukupigia wewe ndicho pekee akijuacho kwenye simu ya nyumbani.

Baba yako,
Mongi

Annemasse, Jumanne, 12 Mei

Baba,

Shikamoo. Hamjambo huko?

Leo mchana Mama kanibipu mara kumi na moja! Wenzangu ghalani wamenicheka: "Lotfi, huyo mchumba hakuachii upumue!" Nikawaambia, huyo ndiye wa kwanza, na ana wivu. Mbusu mkono kwa niaba yangu.

Kuhusu tozo si hivyo, Baba, ila nani ashindane nawe? Nitawaeleza nikija kiangazi.

Mwanao,
Lotfi

Gafsa, 30 Mei

Kwa mwanangu Lotfi,

Natumaini ulirejea salama baada ya maziko.

Barua yako ya Jumanne ile imefika juzi. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi.

Nilipokuwa langoni mwa mahakama nikimwandikia mtu ombi la mpaka wa shamba, mama yako alikuwa peke yake sakafuni, mkonga wa simu kifuani. Hukuniuliza, nami sikukueleza: nilimkuta ameushika hivyo. Kumi na moja, wasema. Kila mara aliita, kila mara akakata, kama nilivyomwagiza.

Jana nilikwenda ofisi ya simu. Binti wa dirishani alinijibu kwa upole: "Mlio hautozwi, baba. Anayepokea ndiye anayetozwa." Ulikwisha kuniandikia hivyo hivyo tangu Machi.

Sina kifungu cha kujitetea. Naomba unisamehe.

Baba yako,
Mongi

Gafsa, 27 Juni

Kwa mwanangu Lotfi,

Baada ya salamu: goti linaniuma kiasi. Sijapata jibu lako, wala sidai.

Nimekupigia Ijumaa nne, saa sita mchana, saa uliyokuwa ukibipiwa. Sikukata. Niliacha iite mpaka ikanyamaza yenyewe.

Nitaendelea kila Ijumaa. Kama moyo bado unakataa, usipokee. Iache tu iite, mwanangu. Mlio hautozwi.

Baba yako,
Mongi