Lenzi Fupi kwa Harusi ya Shani

S.L.P. 318,
Musoma.
4 Oktoba 1987

Mpendwa mdogo wangu Hamduni,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Maskati, na kwamba lile joto ulilolilalamikia limepungua. Kifua je, bado kinakubana? Usinifiche. Sisi huku Nyakato hatujambo. Mama anaendelea vizuri, ila goti la kulia linamsumbua akikaa sana chini, na kiti hakitaki hata umbembeleze.

Barua yako niliipokea Jumatatu. Kurasa nne, na zote ni flashi na lenzi! Nilicheka, nikafurahi, maana najua umezunguka madukani kwa ajili yangu. Lakini Shani aliisoma mara mbili akitafuta kitu kingine, kisha akanirudishia. Ndoa ya mwanao ni tarehe 26 Desemba, na hujaandika ni nani umempa uwakili wa kumwozesha. Nitalifikia jambo hilo, usidhani umeponea. Kwanza nikujibu uliyouliza, kwa kuwa jamaa yako atakayevileta vifaa anasafiri mwezi ujao.

Ile lenzi ndefu ya kuvuta watu wa mbali, usiinunue. Najua inapendeza, na mtu akiivaa shingoni anaonekana mpiga picha wa serikali. Lakini mimi hao watu wa mbali nitawatoa wapi? Kazi yangu ni ya vyumbani. Wananiita kwa sababu mimi ni mwanamke, naingia anapopambwa bibi harusi, mahali ambapo mpiga picha mwanamume hakanyagi. Na chumba chenyewe unakijua: kitanda, kabati, masanduku mawili na wanawake kumi na tano wanaoimba. Nikirudi nyuma hatua mbili nimegonga ukuta. Kwa lenzi yako hiyo, nitampata Shani pua tu.

Nataka lenzi fupi, inayoona kwa upana. Ya milimita 28 inachukua chumba kizima, lakini wanaokaa pembeni inawavuta wakawa wanene, na ukimnenepesha shangazi wa bwana harusi atakununia mpaka kufa. Basi nitafutie ya 35. Tena iwe inafunguka sana ili iingize mwanga mwingi, namba 2 ikipatikana, isizidi 2.8, maana nyumba zetu zina madirisha madogo na umeme una siku zake. Muuzaji akikuonyesha lenzi ya kukaza kama kifuniko cha chupa, ikatae. Kamera yangu ni ile ile Pentax uliyonitumia, lenzi yake inazungushwa kidogo tu ikajifunga.

Kwenye flashi ndipo nakusihi uwe mwangalifu. Hii niliyo nayo inatazama mbele tu. Mwezi wa saba nilipiga harusi moja Bunda. Bibi harusi amepakwa mafuta na liwa ya msandali, anang'aa, nami nikammulika usoni kwa karibu. Picha ziliporudi kutoka Mwanza zilikosafishwa, uso wake ulikuwa mweupe kama chokaa, na mama yake aliyekaa nyuma alikuwa giza tupu na meno. Nililia, ndugu yangu. Yule mama alizipokea zote akanishukuru kwa heshima, na shukrani hiyo iliniuma kuliko matusi. Sitaki Shani atoke hivyo.

Kwa hiyo nataka flashi ambayo kichwa chake kinageuka juu. Mwanga unapiga dari nyeupe na kurudi chini taratibu, kila mtu anapata wake. Utasema nyumba yetu haina dari. Ni kweli, ukiinua macho ni mabati na masizi. Nimeshapanga na jirani yetu Justina, tutafunga mashuka mawili meupe chini ya kenchi za paa siku moja kabla. Ila iwe na nguvu, maana mwanga ukienda juu na kurudi unapungua sana. Na itumie betri ndogo za kawaida. Siku hizi maduka yamejaa tena, siyo kama miaka ile tuliyokuwa tukifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Betri nazipata hapa mjini, na filamu pia.

Sasa nije kwa Shani. Nilimsomea Mama barua yako, akatikisa kichwa, akasema, "Hamduni alikuwaga hivyo tangu utoto. Akiogopa jambo, anatumaga zawadi." Sikuandikii haya kukusuta. Nakupenda, na ninajua unaona haya. Ulimwacha mikononi mwetu ana miaka miwili, leo ana kumi na tisa, na hata harusini hutaweza kufika. Labda unajiuliza una haki gani ya kumwozesha.

Shehe amesema usipoandika, mdogo wetu Alawi anaweza kusimama mahali pako. Shani amekataa. Hasani, mchumba wake, fundi seremala wa Bunda na kijana mpole kabisa, ameambiwa wazi na Shani kwamba bila neno la baba yake hakuna ndoa. Mahari ameshatoa, na wazazi wake wameanza kuniuliza maswali nisiyoweza kuyajibu.

Vifaa vikichelewa, nitafungua mlango na dirisha nipige mchana kwa lenzi yangu ya zamani, na picha zitatoka. Lakini hilo la uwakili halina namna nyingine. Andika kwa mkono wako, umtaje Alawi, mashahidi wawili watie sahihi. Haihitaji kurasa nne. Ila ianze na maneno "binti yangu Shani". Miaka yote hii barua zako zinakuja kwa jina langu, na ndani yake unamwita "mtoto". Ameniomba barua hiyo ya uwakili isomwe kwa sauti mbele ya watu, naye atakuwa chumbani nyuma ya pazia, anasikiliza. Hajawahi kukusikia ukimwita hivyo, Hamduni.

Mama anakusalimu na anakutaja katika kila sala. Alawi na mkewe wanakusalimu, na Justina pia. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akupe afya, na aulainishe mkono wako uandike.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ninapokukaripia,

Mwanaharusi