Kidari cha Swala wa Bega la Kushoto

Baba,

Shikamoo. Marahaba leo nitajiitikia mwenyewe.

Jumamosi nimeangusha swala kule shamba la chini, kwa gobole lako, kwa bega la kushoto. Ndiyo, mimi, mwanao mwenye jicho moja. Ungekuwepo ungesema nakutania.

Tangu gobole liliponilipukia usoni na kuniondolea jicho la kulia, ulilitundika darini na hukuligusa tena. Baruti ulikuwa umeishindilia wewe, basi kila aliyekuja kunipa pole ulimwambia, "Jicho la huyu nimelila mimi." Nilikukatalia mpaka nikachoka. Nikaona maneno hayatoshi, bora nikuletee kidari cha mnyama, fungu la baba, uamini.

Nikaazima gobole la Aminieli, jirani yetu wa shambani, nikaanza kujifunza upya na ndevu zangu hizi. Shavu lilikimbilia upande wa kulia kwa mazoea, nikabaki nalenga giza. Nikawa nainua bunduki tupu, naishusha, nainua tena, mpaka mguu wa kulia ukakubali kutangulia. Jicho moja hudanganya umbali, kwa hiyo nilipanga mawe pembeni mwa mahindi: mnyama asipofika kwenye jiwe, sifyatui. Aminieli alinicheka, "Unalenga kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo." Nilimwapisha asikuambie.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Kila nilipopanda nyumbani uliniuliza, "Huko chini wazima?" nami nikajibu, "Wazima," basi. Neno moja tu lingekutua mzigo, nikaliweka akiba nikimsubiri swala. Ukaondoka kabla mahindi hayajakomaa, ukiamini umenimaliza.

Mama yupo. Foleni ya sukari imemshinda, sasa anakunywa chai bila sukari huku amenuna. Ndiye aliyelitoa gobole lako darini akanipa.

Tulipogawa nyama, baba mdogo alinikabidhi kidari mimi. "Baba wa nyumba hii ni wewe sasa," akasema. Nilikitafuna mbele ya watu, nikakubakizia kipande.

Kipande nimekileta hapa mgombani, ulipolala. Najua hutakila. Ninakuahidi hivi: nikiwa na habari njema, jioni ileile Mama atakuwa nayo.

Pumzika, Baba. Jicho langu hukulila. Nilikuwa na la kukuonyesha, nikakucheleweshea.

Mwanao.