Ufa kwenye silinda hedi

Mwenzangu, uko hapo? Nimekaa tu gereji, hata kulia sijalia.

Baba, na ufundi wake wote, aliichagua mwenyewe ile silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ya injini ya silinda sita. Si ya kampuni iliyounda gari, ila mpya. Aliipapasa yote, akasema, "Hii ndiyo safi."

Leo kamaliza kuifunga, mwenye gari yupo. Kuwasha tu, maji yakachuruzika. Ina ufa! Mrefu kama kidole, mwembamba kama unywele!

Baba akauliza, "Ufa gani?"

Ufa gani! Na ameukodolea macho!

Mteja alipotoka nikamuuliza, "Baba, huoni?"

"Mwaka wa pili huu. Nafanya kwa vidole."

Akanipa spana yake. "Ifungue wewe, mwanangu."

Nikafungua boliti zote kumi na nne, yeye akinitajia ya kufuata, bila kukosea hata moja.